Inasita Nikiondoka

9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ni ya mkaza mjomba. Umpelekee kabla hujasoma mengine, maana nakujua, ukishafika kwenye habari za injini utamsahau.

Huku hatujambo. Mama goti limetulia, ila mdomo haujatulia. Bado ananung'unika kwamba ulipotuletea pikipiki Novemba hukulala hata siku mbili, na kila dada yako huyo alipokusemesha ulikuwa unatikisa kichwa tu, hata alipokuuliza swali. Nimemwambia mafundi wote ndivyo walivyo.

Kazi yangu ni ile ile ya kuwapandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija. Mtungi wa kuhifadhia mbegu nimeufunga nyuma ya kiti, na wafugaji wameacha kabisa kuniita daktari. Sasa naitwa Fahali. Wiki iliyopita mtoto mmoja aliniona langoni akakimbilia ndani kumwambia mama yake kwamba Fahali amekuja na amevaa kofia ngumu.

Sasa lililonifanya niandike. Pikipiki siku hizi inasita nikiondoka. Navuta mafuta, inanyamaza kama mtu anayefikiria, ndipo inashika. Mara nyingine haishiki, inazimika kabisa, nabaki naipiga teke hadi mguu unauma. Na wewe unajua ng'ombe akitaka dume hana subira. Ukichelewa nusu siku tu, mfugaji anasubiri wiki tatu nyingine. Mwenyekiti wa chama cha wafugaji aliniita ofisini akaniambia nimewakosa ng'ombe wanne. Amenipa hadi mwisho wa Juni. Mambo yasipobadilika, njia yangu yote atapewa bwana mmoja mwenye pikipiki mpya, na mimi nitawekwa ofisini nijaze kadi za chanjo.

Siendi ofisini, Mjomba. Nakwambia mapema.

Nimekupigia simu mara sita, inaita hadi inakata. Barua hii nimempa dereva wa lori la maziwa, anapita kwenu kila baada ya wiki mbili. Naomba unijibu kwa mkono wake.

Mpwa wako


2 Februari

Mpwa wangu Fahali,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amezipokea salamu zake akacheka. Anauliza utaolewa lini, mimi nimemjibu kwamba dume haliolewi, linaoa. Mama yako mwambie nilikuwa na haraka, nilikuwa nimeacha karakana bila mtu. Kazi ni nyingi mno, pikipiki zimejaa hadi nakosa pa kuweka mguu.

Simu achana nayo. Simu ni ya watu wasiotaka kufikiri. Kwenye barua mtu anapima neno kabla ya kulitoa, na fundi anataka maneno yaliyopimwa.

Haya, tuje kwa mgonjwa. Unasema inasita ukiondoka. Mtu huondoka asubuhi, na asubuhi injini imelala na baridi. Pikipiki ile si ya kisasa, ina kabureta, kabureta haina akili ya kujua kwamba leo kuna baridi. Lazima uiambie wewe. Vuta choki hadi mwisho, ibane hewa petroli izidi, washa, uiache ingurume dakika tatu. Usiondoke hadi kichwa cha injini kiwe na joto la kukufanya uondoe kidole. Kisha rudisha choki pole pole. Pia fungua plagi uniandikie rangi yake pale kwenye ncha. Usinifiche rangi.

Onyo moja. Ubavuni mwa kabureta kuna skrubu ndogo ya shaba. Hiyo usiiguse. Ndiyo inayopima petroli na hewa injini inapoanza kuvuta, na niliitega mimi mwenyewe kwa sikio langu, siku moja kabla ya kukuletea. Mafundi wa huko watataka kuichokonoa, wafukuze. Watu hawaniiti Fundi Sikio kwa sababu nina masikio mazuri ya hereni. Sikio la kufa halisikii dawa, mpwa wangu, lakini lako bado changa, basi sikia.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anasema dume au jike, aolewe mwanawe. Tuko wazima.

Nimefanya kila ulichosema. Kila asubuhi navuta choki, naiacha ingurume, nahesabu dakika kwa saa ya ukutani, nachoma kidole. Jirani mshona viatu ameanza kuamkia ngurumo yangu. Na bado inasita. Plagi ncha yake ni nyeupe, nyeupe ya chaki.

Nimekosa ng'ombe wa tano. Wa mjane mmoja aliye mwisho wa njia, ng'ombe wake ni huyo huyo mmoja. Nilifika jua limeshachwea, ng'ombe ameshatulia, anatafuna majani hana habari na mimi. Yule mama hakunigombeza. Alinipa kiti nikae nipumzike, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Najua hutaki simu, lakini wewe ni Fundi Sikio, na mimi nina simu yenye kinasa sauti. Nimekurekodia. Nimeituma kwenye simu yako leo mchana, ni dakika mbili. Huna haja ya kuzungumza na mtu, bonyeza tu usikilize, kisha uniambie.

Skrubu sijaigusa.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imevujia karakana upande wa benchi, nimeziba.

Plagi nyeupe kwa kawaida maana yake injini ina njaa, inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Ningeanzia hapo. Lakini sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, na sauti haidanganyi. Ni vali, vile vimilango vya juu ya injini. Zinagonga. Mtu mwingine asingesikia, ni mgongano mdogo sana, ila mimi nimeusikia wazi. Vali zikilegea injini inasita, hilo halina mjadala.

Tafuta fundi mwenye vile vibati vya kupimia nafasi. Injini iwe baridi kabisa, afungue vifuniko viwili vya juu, apime. Wewe simama hapo hapo umwangalie, usiende kunywa soda.

Skrubu usiguse.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, na nusura nisiwe.

Vali zimepimwa. Nilisimama hapo hapo, sikunywa soda. Ziko sawasawa, hazijalegea hata kidogo.

Jumanne nilikuwa njia panda ya kuingia barabara kuu, nasubiri magari yapite. Mchana kweupe, injini ya moto, nimetembea nayo saa nzima. Nafasi ikapatikana, nikavuta mafuta nivuke. Pikipiki ikasonga hatua mbili, ikanyamaza katikati ya barabara. Lori la mchanga lilikuwa linakuja. Dereva alikata kona hadi akapanda ukingo wa barabara, na kioo chake kilipita hapa, karibu na bega langu. Nilibaki nimesimama na mtungi wangu nyuma. Dereva alishuka akanitazama, akarudi kwenye lori lake.

Usiku huo sikula. Nilizisoma barua zako zote mbili tena, nikaona kosa letu la kwanza. Nilikuandikia inasita nikiondoka, wewe ukaelewa nikiondoka nyumbani. Sikumaanisha nyumbani. Nilimaanisha kila ninapoondoka pale niliposimama: langoni, sokoni, njia panda, asubuhi, mchana, jioni. Injini iwe baridi au moto ni yale yale. Miezi miwili nimekuwa navuta choki kwa ajili ya neno moja. Ungepokea simu, ningelieleza kwa nusu dakika.

Kisha nikafungua ile sauti niliyokutumia, nisikilize hizo vali ulizozisikia wewe. Mjomba, ile si pikipiki. Nilirekodi mara mbili siku ile, nikakutumia isiyo yenyewe. Ni mimi naongea peke yangu, dakika mbili nzima, hakuna injini hata kwa mbali. Nasema jambo ambalo nilikuwa sitaki kulisema mbele yako, nikaona nilifute, kumbe nilifuta ile ya pikipiki.

Kwa hiyo nakuuliza, na naomba unijibu kwa maneno yaliyopimwa. Ulisikia nini mara hizo tatu?

Mpwa wako


14 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Lori la maziwa limekwenda kwenu mara nne tangu niandike, na mara nne dereva amerudi mikono mitupu. Anasema anakukuta karakana, unachukua barua, unamshukuru, unaingia ndani.

Basi nitazungumza mimi.

Kwanza pikipiki. Sikuweza kukungoja, Juni ilikuwa inanijia mbio. Nilichukua neno lako lenyewe, kwamba plagi nyeupe ni njaa. Nikajiuliza, kama ni njaa, nikiilisha itafurahi? Nikaipasha moto vizuri, nikavuta choki nusu, ingawa injini ya moto haihitaji choki, kisha nikaondoka. Haikusita. Nikarudisha choki, ikasita. Nilirudia mara kumi pale uwanjani kwetu, Mama akatoka jikoni akasema nimepata wazimu. Nikajua petroli haitoshi pale mwanzo kabisa, ninapoanza tu kuvuta.

Huenda inavuta hewa pembeni, nikafikiri, kwenye ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Nikaupaka maji ya sabuni huku ikinguruma. Hakuna povu lililonyonywa, ngurumo haikubadilika. Nikafungua kabureta mezani juu ya shuka jeupe. Kijitundu cha petroli kilikuwa safi, nilikiinua juani nikaona mwanga kupitia.

Ikabaki skrubu yako.

Niliikalia siku mbili, nikiiogopa kama nyoka. Siku ya tatu nikachukua bisibisi ndogo. Muuza vipuri aliniambia pikipiki ya aina hii skrubu hiyo hufunguliwa mzunguko mmoja na nusu, hivi. Nikaifunga taratibu nikihesabu, nione wewe uliiacha wapi. Robo mzunguko, Mjomba. Robo tu ikagota. Ulikuwa umeifunga karibu yote, petroli ikakosa njia. Nikaifungua mmoja na nusu, nikawasha, nikaondoka. Haikusita. Nikasimama, nikaondoka tena. Sikumbuki nilirudia mara ngapi, nilikuwa nalia ndani ya kofia.

Tangu siku hiyo, tarehe ishirini na tatu Aprili, sijakosa ng'ombe hata mmoja. Yule wa mjane ana mimba. Jana mwenyekiti aliniita, akafungua daftari lake, akasema mbele ya katibu, "Fahali, njia ni yako." Yule bwana mwenye pikipiki mpya amepewa upande wa mtoni.

Sasa zamu yangu ya kukiri. Lile jambo lililo kwenye ile sauti ni hili: pikipiki ilisita tangu siku ya kwanza. Tangu ile dakika uliponipa funguo, ukasimama langoni kunitazama nikiondoka. Nilikuandikia "siku hizi" kwa sababu ilikuwa zawadi yako, umeipanda miaka ishirini, na niliona aibu kukwambia zawadi ina kasoro. Ningesema kweli Januari, ungejua mara moja kwamba kasoro ilitoka mikononi mwako. Nilificha kwa adabu. Na adabu ile ilinipeleka mbele ya lori.

Lakini wewe hukuficha kwa adabu. Nimekasirika, Mjomba, na sitajifanya sijakasirika. Uliniacha nipime vali kwa sauti ambayo hukuisikia. Ningekufa pale njia panda kwa sababu hukutaka mtu ajue. Hupokei simu, unamtikisia Mama kichwa, skrubu umeitega kwa sikio lisilosikia. Sikuulizi tena. Nakwambia: husikii.

Mficha maradhi kilio kitamuumbua, nawe umekaribia kuumbuliwa na kilio changu mimi. Nenda hospitali wakakupime. Na uniandikie. Kama huna la kusema, andika tarehe tu.

Mpwa wako anayekupenda na kukukasirikia


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo sianzi na mizaha.

Barua yako ya Aprili niliisoma mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma. Nilipofika kwenye kioo cha lori nilikuwa nasimama, natoka nje, narudi. Nilianza kukujibu mara tano. Kila nikiandika, nilijikuta napanga namna ya kukudanganya vizuri zaidi, nikachana. Ndiyo maana dereva alirudi mikono mitupu.

Sikusikia kitu. Niliiweka simu sikioni, nikaona namba zinakwenda, nikajua inaongea. Nikasubiri hadi zikaisha. Mara tatu, hilo ni kweli. Kisha nikajiuliza ugonjwa upi hauwezi kuonekana kwa macho, ili mtu asinishike uongo, nikaandika vali. Plagi ilikuwa imeshanipa jibu, nikalitupa ili nionekane bado nina sikio.

Kutosikia huku sasa ni mwaka wa tatu. Zilianza kupotea sauti nyembamba, za vali, za mnyororo, zile zilizonipa jina. Nikadhani injini za siku hizi zimekuwa tulivu. Baadaye zikapotea sauti za wanawake, ndiyo maana dada yangu nilimtikisia kichwa. Nasoma midomo kidogo, lakini mama yako anaongea akiwa amegeuka, ana haraka tangu tukiwa watoto. Oktoba nilikuwa barabarani na pikipiki hiyo, gari likanipigia honi nyuma kwa muda mrefu, sikulisikia. Dereva akanipita, akasimama mbele, akashuka. Nilimwona mdomo unafunguka na kufungika. Nikarudi nyumbani naisukuma. Nikakwambia nimezeeka, ichukue wewe.

Ile skrubu niliitega kama nilivyozitega maelfu. Unazungusha, unasikiliza, ngurumo inapokuwa safi unaacha. Nilizungusha nikingoja isafike. Haikusafika, kwa sababu sikuwa nasikia. Nikafika mahali nikaona nimezungusha vya kutosha, nikasema moyoni ndiyo hapo. Nilijifanya nimesikia na hapakuwa na mtu mwingine pale ila mimi. Ningekuua, mpwa wangu. Nisamehe.

Karakana haina pikipiki hata moja. Wateja walirudi wawili watatu na injini nilizoziharibu, kisha wakaacha kuja. Nafungua kila siku saa mbili, nafuta spana, nazipanga, nafunga saa kumi, ili mke wangu ajue nimetoka kazini. Kazi iliyoingia tangu Januari ni barua zako tu. Zilipokuja nilifurahi kama fundi mpya, kwa sababu kwenye karatasi husikilizi, unafikiri, na kufikiri bado naweza. Ndiyo sababu niling'ang'ania barua. Sikuwaza kwamba wewe ndiwe uliyekuwa juu ya pikipiki.

Umeipima vizuri kuliko ningekufundisha. Ile ya kuvuta choki nusu injini ikiwa ya moto sikukwambia, umeitoa kichwani mwako. Muuza vipuri amekudanganya kidogo tu: mmoja na nusu ni mwanzo, halafu unaongeza robo robo hadi iondoke bila kunung'unika. Jaribu mmoja na robo tatu, uniandikie plagi imekuwa rangi gani. Ikiwa kahawia ya udongo mkavu, hapo hapo.

Hospitali nitakwenda, lakini sikuweza kwenda kabla ya kumwambia mke wangu, na kumwambia kulinishinda. Ningesema, yeye angejibu, na jibu nisingelisikia. Mwisho leo asubuhi nikamwandikia. Karatasi moja, mistari saba, nikaiweka mezani chini ya miwani yake, nikaenda kujificha uani nikijidai natengeneza tundu la kuku.

Nilikaa huko muda mrefu. Nilipochungulia, miwani haikuwapo, karatasi ipo. Amejibu pale pale chini ya mistari yangu, kwa ile kalamu ya penseli anayoandikia vitu vya dukani. Nakunakilia kama alivyoandika:

"Najua tangu mwaka juzi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nimekuita mara nne uje ule, njoo."

Mjomba wako